Maji Katika Injini ya Breki

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko uliko, zikukute umeshakula, maana nakujua: ukipata kazi unasahau tumbo. Kifua kile cha baridi kimetulia? Sisi huku tunasukuma siku. Magoti yangu yananikumbusha ngazi zote nilizopanda chuoni nikifundisha umeme wa magari, ila mikono bado inatii. Shemeji yako, mke wa kaka, ni mzima, anakusalimu. Kaka yako Breki naye yupo, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani.

Uliniagiza nikalitazame lori lake, kisha nikuandikie kinagaubaga maji yalifanya nini, nani mwenye kosa, na kama litarudi barabarani. Ulisema hutaki kwa simu, kwa kuwa kwenye simu shemeji yako analia na Breki anageuza mazungumzo. Basi nimekwenda, na nimekaa kwao mpaka kazi ikaisha. Nivumilie tu, unajua dada yako Waya hawezi kukuambia ni saa ngapi bila kukueleza saa inavyotengenezwa.

Lori nililikuta uani, kabini imeinuliwa, injini iko wazi. Starta haikujibu kitu. Nilipofungua soketi za waya, moja baada ya nyingine, maji yalichuruzika. Yalikuwa ndani ya altaneta inayochaji betri, yalikuwa ndani ya kisanduku cha fyuzi, na kichujio cha hewa kilikuwa kimelowa chapachapa. Maji ya mvua hayafiki huko. Ilikuwa mashine ya presha, tena imeelekezwa karibu. Watu hudhani adui wa injini ni maji, lakini adui hasa ni nguvu yake. Maji ya upole hupita juu ya soketi yakaenda zake. Maji ya presha huuvunja mlango, huingia pamoja na uchafu, na yakishaingia hayajui njia ya kutokea. Hapo kutu huanza kula kimyakimya.

Shemeji yako alikwisha kutoa hukumu. Alimwendea mwosha magari wa pale kona, mbele ya wateja wake, akamwambia ameliua lori lililomlisha tangu siku aliyoolewa. Yule mtu akajitetea kwamba mzee aliazima mashine tu, akaosha mwenyewe, akakataza mtu yeyote asimsaidie. Nani angemwamini? Breki huyu tunayemjua, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata chai haiingizi mdomoni kabla ya kusimama na kufikiri? Kwake yeye tone halianguki mpaka injini ipoe, waya wa betri utolewe, na kila soketi ivishwe mfuko wa plastiki na kufungwa, utadhani anaandaa watoto wa shule siku ya mvua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtania kwamba lori lake linavaa vizuri kuliko yeye.

Nikatoa waya wa betri, ambao ulikuwa umefungwa mahali pake barabara. Jambo hilo lilinisumbua, lakini nikalimeza. Nikafungua altaneta na kuianika, nikapuliza soketi kwa pampu ya upepo, nikasafisha meno yake yaliyoanza kushika kijani. Injini yenyewe haikuwa imemeza maji, na hapo nilishukuru. Breki aliomba awe msaidizi wangu. Nikamwambia nimewahi kufundisha wanafunzi wabishi zaidi yake, akajibu kwamba hao walilipa karo, yeye atanisumbua bure.

Ilipokauka, bado kulikuwa na grisi na tope lililosambazwa na yale maji, nikasema tuisafishe inavyostahili. Unaanza na brashi kavu, kukwangua kilichoganda. Unapaka sabuni ya kuyeyusha mafuta kutoka chini kwenda juu ili isiache michirizi, unaiacha ilegeze uchafu bila kukauka. Kisha tambara lenye unyevu, na pale palipokaidi, maji kidogo ya kopo. Mwisho upepo, kisha jua. Kazi ya kopo watu huifanya kwa pipa kwa sababu ya haraka tu.

Breki alichukua upande wa kushoto. Alisugua kwa bidii, akajisifu kwamba upande wake unang'aa. Nilipozunguka nikakuta bonge la grisi, pana kama kiganja, liko mbele yake waziwazi. Alipotua brashi kuchukua tambara, hakuiona tena; akaitafuta kwa kupapasa, na ilikuwa karibu na goti lake. Akacheka, akasema uzee hauna adabu.

Kabla ya kutumia maji nikamwomba ile mifuko yake. Akajibu kwamba ilipotea. Nikafungua mlango wa kabini iliyoinuliwa kutafuta kamba, nikaikuta ile mifuko imebanwa chini ya kiti cha dereva, imekunjwa vizuri, yote mikavu. Nikarudi, nikaanza kuifunga kwenye soketi. Aliisikia plastiki inavyolia mkononi mwangu. Akakaa chini.

Mdogo wangu, ni yeye. Ameliua lori kwa mkono wake, na kwa makusudi.

Alinieleza taratibu. Alikuwa anapita kwenye njia panda ya soko, anaendesha polepole kama kawaida yake, akasikia kishindo cha kiganja kwenye mlango. Ni mwanamke mwenye ndoo kichwani, alikuwa ameruka kuokoa roho yake. Akamuuliza kama ni kipofu. Breki akamrudishia mzaha, mwanamke akaenda zake akitukana, na kaka yako akashindwa kushuka kitini, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Hakumwona kabisa. Kwa muda mrefu amekuwa akiuona ulimwengu kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema angetuambia haoni, tungemnunulia miwani. Na lori likiwa zima angelipanda tu, anajijua. Kila asubuhi angejiambia leo ni siku ya mwisho. Alitaka life lenyewe, asiwe yeye aliyestaafu. Kinachomuuma zaidi ni kwamba alimwacha mwosha magari abebe aibu isiyo yake.

Nilimpeleka kwa daktari. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi; dawa ya matone italinda kilichobaki, nacho ni kidogo. Tuliporudi alimwomba mkewe amshike kiwiko, wakaenda mpaka kona, akamwomba radhi yule mtu mbele ya wateja. Mwosha magari alimvutia kiti, akasema alishangaa tu mtu kuosha gari akilia. Nilipotaka kukupigia, Breki alikataa, kisha akasema nikuandikie, maana yeye atakosea mstari.

Sasa jibu la swali lako. Lori ni zima. Jana nilirudisha waya wa betri nikaliwasha, likakubali. Shemeji yako alitoka jikoni na unga mikononi. Breki aliweka kiganja ubavuni mwa kabini, akasikiliza kwa muda, akasema mlio ni ule ule. Kisha akaniambia nizime, nimtafutie dereva mwenye macho. Nikamwahidi. Akaniomba niondoke na ufunguo, kwa sababu ukibaki ndani ya nyumba ile ataupata, hata kwa kupapasa. Nimeondoka nao.

Ukimpigia, usimuulize lini atarudi kazini. Na ile barua ya madai uliyotaka kumwandikia mwosha magari, ichane.

Wasalimie wote wanaokuuliza habari za kwetu. Jifunike kifua, ule kwa wakati. Mimi nipo, nakuwaza.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
Waya