Watu Kumi na Mmoja Waliopungua Mtaani

Butimba, Mwanza

Dada yangu Jeneroza,

Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje? Na migomba, mnyauko umekuachia hata mkungu mmoja? Sisi huku wazima, tena mimi nimenenepa, usingejua ni yule uliyemsindikiza kupanda meli. Simu sikupiga kwa makusudi, maana Koku angesikia. Isome barua hii peke yako.

Koku wangu unamjua. Kando ya ziwa hili lote hakuna mtoto wa kike kama yeye, na sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Amejenga grosari mbele ya nyumba yangu: vigae chini, friji mbili, jiko la kuchomea sato, na viti ambavyo hata padri angekalia. Mumewe, Deo, ameacha kazi kiwandani kwa ajili hiyo. Kilichobaki ni leseni ya vileo. Bila hiyo watauza soda mpaka wafunge.

Basi wakanyimwa. Eti leseni zinakwenda kwa hesabu ya watu. Mtaa wenye watu wachache unatoshwa na baa moja, kila mlango usije ukawa wa pombe. Ili ipatikane ya pili, sisi tumepungukiwa watu kumi na mmoja. Waitu dada! Mtaa ambao bombani asubuhi tunapigana vikumbo!

Nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Hiyo baa moja ni ya jirani yangu Mama Suzi, mwanamke anayecheka meno tu, macho hayacheki. Nikaanza kumchunguza. Jumanne nikaona pikipiki ya mwenyekiti wa mtaa imeegeshwa kwake. Alhamisi nikamwona anakwenda kwa mwenyekiti na bakuli limefunikwa.

"Unapeleka nini, jirani?"

"Uji wa mgonjwa."

Mgonjwa gani? Mke wa mwenyekiti Jumapili aliimba sauti ya kwanza kanisa zima likatetemeka! Koku akaniambia, "Mama, acha kupeleleza watu." Sikuacha. Yeye ana elimu, mimi nina macho.

Juzi nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia, "Nataka kuliona daftari la wakazi. Kuna watu mmewafuta humo."

Akacheka, akalifungua. "Haya, tuanze na nyumba yako, Mama Koku."

Dada, nilisoma mwenyewe kwa kidole. Adelina, mjane, anaishi peke yake.

Hapo ndipo nikakumbuka. Karani aliyepita kuandika alikuja wakati sungusungu wanataka kila mwanaume mzima azunguke doria kwa zamu. Deo kifua kilikuwa kinambana, na wapangaji wangu watatu ni wavuvi wa dagaa, usingizi wenyewe wanauiba mchana. Nikaona nikiwataja watachukuliwa. Na ukimtaja Koku utaulizwa mumewe yuko wapi, ukitaja wajukuu utaulizwa baba yao. Nikamwambia karani, "Niko peke yangu, mwanangu," na huku chungu cha ndizi za watu tisa kinachemka nyuma yangu. Kisha nikakimbia kwa Mama Nyanda, jirani wa chini, nikamfundisha naye afiche wanawe wanne.

Nyumba ya Mama Suzi? Wameandikwa wote, hata mtoto mchanga. Na mgonjwa yupo kweli, ni mama mzazi wa mwenyekiti. Lakini Mama Suzi bado namshuku. Mtu akiwa mkweli kiasi hicho anatafuta nini?

Jana nikakusanya vitambulisho na vyeti vya wajukuu, nikawaambia nyumbani ofisi inavitaka. Mama Nyanda nikamburuta na vya kwake. Mwenyekiti akavihesabu.

"Mama Koku, umejifungua wanane kwa siku mbili? Hongera!"

Nikamsogezea kalamu. Akasema atawaandika, ila Deo aanze doria Ijumaa hii. Nikakubali, nikasimama pale pale mpaka jina la mwisho likaandikwa, maana kalamu ya mtu huijui. Hesabu mpya imepelekwa kata na maombi ya Koku yamepelekwa upya. Bado hatujajibiwa. Deo ameshanunua firimbi. Koku aliniuliza, "Mama, nani alitufuta?" Nikamjibu, "Makosa ya karani." Usinisaliti.

Msalimie shemeji, na wifi yetu anayelinda kahawa ya marehemu baba. Mwambie bibi wa jirani kikapu chake ninakitumia kila siku ya soko.

Kinachoniuma si doria, dada. Ni mimi, ninayewasifia wanangu mpaka watu wananikimbia bombani, ndiye niliyesema sina mtu. Kabla ya mengine yote nilimwomba mwenyekiti ayakate yale maneno matatu ya mwisho kwenye mstari wangu, "anaishi peke yake." Akapiga mstari mmoja. Nikamwambia apige na wa pili, kwa huo mmoja bado yanasomeka.

Mdogo wako,
Adelina, Mama Koku,
wa nyumba ya watu tisa