Taa Mbili za Ikiriyo

Jumatatu, 4 Machi 1991

Mke wangu Speciose amekufa jana. Malaria. Tumemzika leo mchana.

Ikiriyo imeanza, siku nane za kukaa na msiba. Kwetu moto unawaka uani mpaka siku ya mwisho. Mwenye nyumba amekataa moto. Hapa mjini Biryogo nyumba zimebanana, na Saidi jirani ni fundi cherehani, vitambaa vyake viko mlangoni.

Nimesema nitaweka taa uani badala yake.

Jumanne, 5 Machi

Nilikata waya mmoja wa taa ya ndani, nikaingiza ya nje hapo katikati. Balbu mbili, zote za wati arobaini. Zimewaka, lakini kama makaa yanayokufa.

Mama mkwe amefika kutoka Gitarama. Alitazama taa muda mrefu.

"Mkwe, mwanangu mnamlilia au mnamficha?"



Jumatano, 6 Machi

Nimenunua balbu ya wati mia, nikaweka nje. Imekuwa mbaya zaidi. Kubwa ni uzi mwekundu tu. Ile ndogo ya ndani inaizidi. Nikabadilisha, kubwa ndani, ndogo nje. Ndogo bado inaizidi.

Saidi: "Bwana, umeuziwa balbu au nyanya?"

Watu wamecheka. Mama mkwe hakucheka. Wameondoka mapema, siku hizi za vita usiku hakuna ruhusa ya kutembea. Nimebaki natazama nyanya yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mgeni kagonga taa ya nje kwa kichwa. Ikalegea, ikazimika. Ya ndani nayo ikazimika. Haikuguswa na mtu. Giza kote.

Mama mkwe anasema moto wa mwanawe umezimwa kabla ya siku. Kesho anarudi Gitarama, atamalizia ikiriyo kwake, kwa moto wa kuni. Akienda, nakaa hapa peke yangu siku zote zilizobaki. Naogopa hii nyumba.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi mama mkwe amefunga mzigo. Nimemwomba angoje mpaka jioni. Amekaa uani, mzigo juu ya magoti.

Nimefikiria kazi. Miaka sita nachimba mitaro ya waya za umeme. Waya mkubwa unapita barabarani, kila nyumba inaushika yenyewe. Sijaona nyumba inayopata umeme kwa kupitia ndani ya nyumba nyingine. Mimi taa zangu nimezifanya hivyo. Moja inakunywa kupitia koo la mwenzake.

Nimefungua yote, balbu kubwa nimeirudisha nje. Nimeipa kila taa waya zake mbili, mpaka pale umeme unapoingia. Nikawasha.

Ya nje, ile ya mia, imewaka mpaka ukuta wa Saidi. Ya ndani ni ndogo lakini nzuri, kama zamani.

Mama mkwe amefungua mzigo. Katoa kitenge, kajifunika.

"Sasa anaonekana," kasema.

Jumamosi, 9 Machi

Taa ziko sawa. Mama mkwe amepika maharage. Kitanda ni kikubwa sana.

Jumatatu, 11 Machi

Ikiriyo imekwisha. Tumenyoa, tumenawa, watu wamekunywa, wamekwenda. Mama mkwe nimemsindikiza kwenye gari la Gitarama. Kanishika mkono, kapanda.

Nimerudi. Nimefungua balbu ya nje, nimeifunga katika kitambaa cha kichwa cha Speciose. Nikatazama ya ndani. Nilidhani nayo itazimika, kama Alhamisi.

Haikuzimika. Inawaka vilevile.

Nimekula chini yake maharage yaliyobaki. Kesho narudi kazini.