Gurudumu Lililokataa Kusimama

Binti yangu,

Chai iliyobaki iko kwenye chupa. Nyingine imefurika jikoni, ifute. Mnunuzi wa vyuma chakavu atapita saa nne. Mpe ~~baiskeli~~ lile friji bovu tu. Baiskeli asiiguse!

Ndiyo, mimi ndiye niliyemwita. Miezi mitatu unaiunda humu ndani, sebule inanuka grisi, na gololi zako za magurudumu zinaogelea kwenye kikombe changu cha maua. Nilichoka. Alfajiri, wewe ukikoroma, nilikwenda kuiburuta hiyo baiskeli nje. Ulikuwa umeiacha miguu juu, basi mkono wangu ukaligusa gurudumu la mbele, likazunguka. Nikasubiri lisimame. Mwanangu, halikusimama! Wala halikutoa sauti. Nikaketi sakafuni kulitazama. Chai ikachemka, ikamwagika, nalo linazunguka tu.

Fremu ya mashindano ya enzi za babu yako, umeiokota jalalani. Magurudumu yenyewe hayana hata undugu. Ulichonunua ni mnyororo tu. Mikono hiyo umeitoa wapi, wewe usiyejua kukunja shuka?

Kikombe baki nacho. Nimechelewa kazini. Wakiniuliza, nitasema nilikuwa nasubiri gurudumu la binti yangu lisimame.

Mama yako