Takataka Yetu Angani

Jumatatu, 3 Juni
Kimeona kitu! Kile kisetilaiti cha mjukuu wangu, ukubwa wa mkate, nilichokicheka wee. Kazi yake kuzunguka dunia na kamera, kuvizia takataka za angani – vipande vya roketi, skrubu, rangi iliyobanduka – zisije zikagonga setilaiti za watu. Yaani wamechafua mpaka huko! Hapa chini mitaro imewashinda.

Kimeona kipande ambacho hakuna mwingine duniani aliyekijua. Bosi wao wa maabara, Bwana Tai – hata akitota jasho tai haivui – katangaza redioni. Nimemwambia msusi wa jirani. Na muuza mkaa. Na yule mama wa ghorofani anayejifanya wanawe tu ndio waliosoma. Huyo nilimwambia mara mbili.

Jumanne, 4 Juni
Redio tena. Bwana Tai "sisi", "sisi", "sisi". Mjukuu wangu hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Pua lake!
Ijumaa sherehe ya ugunduzi huo, chuoni kwao. Na mimi nimealikwa.

Jumatano, 5 Juni
Mke mwenzangu hali chakula. Mjukuu mzima anachokonoa sahani kama kuku mgonjwa. Nikamuuliza, una mimba? Akacheka, halafu akalia.

Mimba ingekuwa nafuu. Kamera ilipanda na kifuniko, kama sufuria. Ikifika juu kifunguke, kibaki kikining'inia kwenye bawaba. Bawaba aliifunga yeye, kwa mikono yake. Imekatika. Kifuniko kimeruka, kinaelea nyuma ya kisetilaiti chenyewe – na ndicho walichokigundua! Amekitambua kwenye picha: upande mmoja unang'aa, wa pili mweusi tii.

Nilicheka nusura meno ya bandia yanitoke. Mtu ajambe, halafu azunguke chumba kizima akiuliza nani! Kisha nikamkumbuka yule mama wa ghorofani. Kicheko kikakata.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nani atapanda kwenda kukiangalia?"
"Bibi!"
"Bibi nini? Mkataba wako unaisha mwezi huu. Unataka kurudi kuuza vocha?"
Akaingia chumbani. Mlango kaubamiza. Mlango wangu!

Alhamisi, 6 Juni
Mambo yameharibika. Wenye setilaiti kubwa, ile inayotazama mawingu na mvua, wameuliza kile kipande kina uzito gani. Jumapili kitapita karibu yao. Wakihama bure wanachoma mafuta, na kule juu hakuna kituo cha kujaza. Wasipohama, huenda kikawapasua. Wakijua uzito watapiga hesabu kitapita wapi hasa. Bwana Tai kawajibu: asili yake haijulikani.

Haijulikani! Mjukuu wangu alikipima mwenyewe kwenye mizani.

Haya. Nilimlea mimi, sikumlea aache uchafu mlangoni kwa watu. Nikamwambia akaseme. Ila si mbele ya wageni – mtu mzima ukimvua nguo hadharani atang'ang'ania uongo kama shuka. Amwite Bwana Tai hapa kabla ya sherehe. Kasema sawa. Usiku huu kala. Kidogo.

Ijumaa, 7 Juni
Kaja. Tai nyekundu, keki mkononi. "Bibi, umetulelea dhahabu!" Nikamwambia kaa. Nimejitia jikoni, ati nachemsha chai. Jiko hata sijawasha. Naandika huku sikio liko sebuleni.

Mjukuu wangu anamwambia. Anasema yote – bawaba, kifuniko, uzito.

Bwana Tai anacheka. Anadhani mzaha.

Sasa hacheki.

Anauliza nani mwingine anajua. "Bibi tu."

Bwana Tai anaongea taratibu, kama anayembembeleza mtoto ameze dawa: wageni waondoke kwanza, Jumatatu watalitazama. Mkataba mpya nao uko mezani kwake, unangoja sahihi tu.

"Na Jumapili je?" mke mwenzangu anauliza.

Kiti cha Bwana Tai kinakwaruza sakafu.

"Bibi!" Ananiita mimi. "Bibi, hebu njoo umshauri huyu mtoto. Wewe ni mtu mzima, unajua maisha."

Nimshauri! Haya. Nitamshauri yeye: Jumapili haingoji Jumatatu yake. Kalamu chini –