Chupa Zilizosuuzwa

Bur Dubai, 2 Septemba 2024

Mume wangu Aboud,

Assalaam alaykum. Mimi na mwanao wazima, hofu yetu ni wewe na baridi hiyo. Luay ameota jino la pili, ananing'ata. Nikirudi kufua mashuka ya hoteli namkuta kwa jirani yetu Ummulkheir, kashika picha yako anailamba. Tangu azaliwe hajakuona, anakujua kwa ladha tu.

Visa zetu zinakwisha tarehe 25, tunarudi Unguja. Katika barua pepe ya mwisho ulisema tarehe 20 utapita hapa siku mbili kabla ya kupanda meli nyingine. Unakuja kweli? Na hayo maji mnayoteka kutwa huko kwenye barafu, ya nini?

Mkeo, Mama Luay

Melini, 6 Septemba

Mama Luay,

Waalaykum salaam. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Mito mikubwa inamwaga maji bahari hii, na Daktari Irene, mkubwa wa maabara humu melini, anataka kujua yanafika wapi. Chumvi ikipungua anajua maji matamu yameingia. Ila ni ya mto, au ni barafu ya bahari iliyoyeyuka? Hapo ndipo inapopimwa oksijeni ya ndani ya maji. Iko nyepesi, iko nzito, na maji ya mto yana nzito chache kuliko ya barafu hiyo.

Kazi yangu kujaza chupa. Sasa si unajua kwetu chochote cha baharini husuuzwa maji ya bomba? Nikawa nazisuuza hivyo kabla ya kujaza. Kumbe husuuzwa kwa maji yaleyale yatakayotiwa. Matone ya bomba yakabaki ndani, chumvi ya chupa ikakataana na kipimo kinachoshushwa kwa kamba. Meli inarudi kuteka upya. Tarehe 20 sitafika. Nisamehe.

Baba Luay

Bur Dubai, 7 Septemba

Aboud,

Salamu utazipata nikipoa. Mtoto anamsubiri baba, baba anaosha chupa. Nyumbani hata kikombe chako hukuwahi kukiosha. Nimemwomba arbab, mwajiri wangu, aniongezee japo wiki mbili, kasema khalas, mkataba umekwisha. Mwambie huyo daktari akushushe. Ummulkheir anacheka, ati usafi umekwenda kujifunzia barafuni. Mimi sicheki.

Jokha

Melini, 18 Septemba

Mama Luay,

Ulitia jina lako tupu, nikajua nimekuumiza. Hakuna pa kunishusha, kote barafu.

Tumeteka upya. Nimesuuza kwa maji yaleyale, Irene kanisimamia kama mama mkwe. Chumvi imekubali, oksijeni watapima nchi kavu. Nikamwuliza, matone tu yanaharibu nini? Akanambia maji hutembea na alama za kwao. Ukiyatia mengine, hayasemi tena yametoka wapi.

Nitafika Dubai tarehe 3 Oktoba. Najua.

Baba Luay

Uwanja wa ndege, Dubai, 25 Septemba

Baba Luay,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Luay kalala mapajani, naandika kwa mkono mmoja. Hasira bado ninazo, sikufichi, lakini nimefurahi chupa zimekubali. Mkataba wako ukiisha njoo Unguja. Inshallah atakuwa anatembea. Akikulilia siku ya kwanza, usivunjike moyo.

Nimekuachia mfuko kwa Ummulkheir. Ndani mna fulana aliyolala nayo jana, ina maziwa na jasho lake. Nafua vya watu kutwa, hii sijaigusisha maji.

Nawe usiisuuze.

Mkeo, Mama Luay