Nililia kwa Ajili ya Joka, Kisha Nikamcheka Mjane

Mpendwa Shangazi Dot, nakuandikia kama wote wanaokuletea shida zao, naomba msaada wako, na ujue unaombwa na mtu ambaye hajawahi kuomba hata chumvi mezani. Mimi ni Merv Tranter, mkata manyoya ya kondoo, nimekata kuanzia Tasmania mpaka nje ya Perth, na kule New Zealand kuna mabanda ya kazi hiyo ambako wananitaja hadi leo, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini dunia nimeisoma karibu yote, na sasa nimekwama kwa sababu ya kitabu.

Kitabu chenyewe ni hiki cha wapanda majoka yenye mabawa ambacho wanawake wa nchi nzima wanakililia, msichana anakwenda chuo cha vita, anapata joka, anampenda kapteni wa maadui zake, na aliyenipa ni Glenys, mjane mwenye duka la mikate hapa mjini, ndiye mkuu wa kikundi cha wasomaji kinachokutana ukumbini kila Alhamisi, akaniambia, "Macho yako mabovu, nimekuwekea kwenye simu kikisomwa kwa sauti, sikiliza ukiwa kazini, halafu uje utuambie umekionaje, ng'ombe wewe." Kwetu, Shangazi, unajua mwenyewe, mwanamke akikuita ng'ombe mbele ya wateja amekuweka moyoni, nikatoka pale nimeumuka kama mikate yake.

Nikasikiliza. Huyo kapteni simpendi, nasema wazi, mtu kutwa kanuna, kifua wazi kwenye baridi, hajawahi kumuuliza msichana kama amekula, na majoka yanarushwa siku nzima hakuna anayeyapa maji, mimi nimefuga farasi, najua. Lakini kuna joka moja zee, bawa lake bovu, wapandaji wote wamelikataa, likamchagua msichana lenyewe, likamwambia mbio sina, lakini sitakuangusha. Shangazi, nilikuwa nimembana kondoo magotini, machozi yakamdondokea yeye. Mgongo wangu umekwisha, umri umekwenda, nikaona ni mimi ninayesemwa.

Sasa, simu yangu ndiyo inayopiga muziki banda zima, na siku moja sijui niligusa nini, ikajiunga na spika, msichana na kapteni wako juu ya joka wanabusiana, banda zima linasikia mpaka pumzi. Mashine zikazimwa moja moja. Tama, Mmaori wa New Zealand anayekata manyoya kando yangu, akasema, "Mzee Merv, mwachie huyo kondoo, atadhani anaambiwa yeye." Watu wakaangua kicheko, nami kwa kuona haya nikasema, "Takataka za Glenys hizo. Mjane hana wa kumbusu, anabusu vitabu."

Maneno yakafika dukani kabla yangu. Nilipokwenda kununua pai ya nyama alinipa kwa adabu, akasema, "Karibu tena, Bwana Tranter." Bwana! Mara ya mwisho kuitwa Bwana nilikuwa mahakamani.

Na wale waliocheka sasa kila mapumziko ya chai wanadai niendelee kuwawekea kitabu, Tama kanichukia kwa kuwa kapteni kajeruhiwa nami siwezi kumwambia kama atapona. Alhamisi ndiyo hii inayokuja. Niende? Na nikienda, niseme kweli kuhusu kapteni wake, au nimsifu ili nipate msamaha? Maana nilikusudia kumwomba tuwe tunakula pamoja Jumapili, na sasa naona nitamkosa yeye, na kitabu cha pili cha hadithi hii pia.

Merv, Riverina

*

Merv,

Nimecheka, nikafuta macho, kisha nikakasirika.

Ulimtandaza Glenys mezani kama manyoya yaliyokatwa sasa hivi, kila mtu achambue uchafu wake, kwa sababu tu uliyaonea haya machozi yako. Alikuamini na kitu anachokipenda. Hukukitukana kitabu tu, uliutukana na upweke wake, na upweke huohuo ndio unaolala nao wewe.

Basi acha kujihurumia. Kesho, chai ikimiminwa, zima spika, waambie wenzako kwamba uliongopa juu ya Glenys, na aliyelia ni wewe. Watakucheka. Kicheko hakijaua mkata manyoya.

Kisha nenda dukani. Usibebe maua ya bei rahisi ya kituo cha mafuta, wala utani. Mwambie, "Nilikusema vibaya, na nimewaambia wenzangu kwamba niliongopa." Ondoka. Usimsimamie akusamehe palepale, ana mikate tanurini.

Alhamisi nenda, na sahani ya chakula ulichopika mwenyewe, hata kikiungua. Ukiulizwa, sema yote, la kapteni na la joka. Kumsifu mtu usiyempenda ili usamehewe ni uongo wa pili. Nami nakuhakikishia, kwa niaba ya sisi tuliokirudia kitabu hicho mara nyingi kuliko tunavyokubali: kapteni tunampenda akiwa ukurasani. Kwangu angefukuzwa siku ya pili, buti zake zikimfuata.

La Jumapili usilitaje siku hiyo. Baki nyuma, panga viti, osha vikombe. Mwanamke aliyemsikia mwanamume mzima akikiri mbele za watu kwamba alililia joka zee hatakosa swali la kumuuliza.

Akiuliza, Merv, jibu bila mzaha.

Shangazi Dot