Bega la Kushoto

Baba,

Leo mama ametoka eda. Tumemwogesha asubuhi, akavaa khanga niliyompindia mwenyewe, akatoka uani akakaa juani. Nikakaa karibu naye nikalia mpaka akaanza kunibembeleza yeye. Msiba ulipotokea sikulia. Wanawake wakanong'ona kwamba Mwanaidi ana moyo mkavu. Mkavu wapi! Nilikuwa na chai ya kupika, wageni wa kulaza, na inspekta mlangoni. Habari ya huyo inspekta ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana nilikosa, na wa kumwambia ni wewe.

Kwanza nikutoe wasiwasi: cherehani yako ni nzima. Mzee Rajabali mwenye duka hakumpa mtu baraza yako. Alinisukumia kiti chako akasema, "Kaa, binti. Nani tena atashona?" Wateja wengine walipoona mwanamke amekaa pale wakapitiliza. Wengi wamerudi, baridi ya Iringa haimsubiri mtu atafute fundi wa kiume. Nimejichoma sindano mara mbili, na mara zote mbili nimekusikia: "Kidole si kitambaa, mama."

Nakukumbuka ulivyokuwa, Baba, macho yamekwisha kwa kutunga uzi. Bila miwani uliwahi kuliamkia gunia la mkaa la jirani, ukaliuliza na habari za watoto. Sura za watu zilikuwa zinakupotea, lakini mabega kamwe. Mtu akipita ng'ambo ya barabara ulimtambua kwa bega, na kama ameamka vibaya na mkewe ulijua pia. Vipimo vya kila mmoja vilikuwa kwenye daftari lako la jalada jeusi, na hata mama hukumfungulia. Nilipoanza kujifunza, nikamcheka mzee mmoja mwenye kibiongo, ulinipiga kofi mkononi, kofi la pekee maishani mwangu. Ukasema, "Mtu amekuamini mwili wake ili umvishe. Kilichoandikwa humu hakitoki humu." Nililishika neno hilo. Nalishika mpaka leo, na ndilo linalonitesa.

Siku ile ulijitwisha bunda la makoti ya askari ukaenda kituoni. Nyuma ya lokapu, chumba cha mahabusu, askari walikuwa wanampiga kijana aliyekosa stakabadhi ya kodi. Ukatua bunda chini ukasema, "Jamani, mtoto wa watu huyo." Basi, hukusema zaidi. Kijana mwenyewe alikuja matangani midomo imevimba, akatusimulia yote. Rungu la kwanza kukupiga wewe liliangusha miwani. Ukalala kwenye saruji tangu adhuhuri mpaka alasiri, maana gari la polisi lilikuwa bovu, na hawakuwa na jingine la kukupeleka hospitali. Ukaletwa nyumbani kwa mkokoteni wa mihogo.

Siku mbili ulikaa nasi. Uliomba maji, ukaomba miwani, ukauliza kama makoti yamefika salama. Halafu ukanishika kiwiko, ukaniambia, "Yule niliyemwekea pamba. Bega la kushoto." Nikadhani unaota kazi. Nikakufunika blanketi nikasema, "Pumzika, Baba." Hukusema tena mpaka roho ilipotoka. Ewe Mola, mtu anahangaika kuniambia nani amemuua, nami namwambia apumzike!

Siku ya tatu ya matanga wakaja inspekta, yule mzungu mrefu, na karani wake. Mama yuko ndani nyuma ya pazia, eda imemfunga, haonani na wanaume wa nje. Baba mdogo alikuwa bado njiani kutoka Mafinga, kule anakopasua mbao. Nikatoka mimi, kwa sababu nimefika darasa la nne na najua kusoma. Karani akanipa bahasha akasema, "Hii ni rambirambi ya kituo. Weka jina hapa kuonyesha imefika." Unajua desturi yetu. Anayeleta rambirambi humrudishi, unamwandika jina ili na yeye siku yake ikifika usimsahau. Kwa hiyo karatasi haikunishtua. Nilichoona ni kwamba na wao wana utaratibu wao wa kuandika. Maneno yote yalikuwa ya Kizungu. Nikatia sahihi, kisha nikasema ahsanteni. Niliwaambia ahsanteni, Baba, na kaburi lako udongo haujakauka.

Waliniachia nakala. Baada ya arobaini nikaipeleka kwa mwalimu wangu wa zamani anisomee. Aliisoma mara mbili, akavua kofia. Inasema uliteleza kwenye ngazi. Inasema familia imepokea fidia, imeridhika, na haitadai neno lolote siku zote. Jina langu liko chini, kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukijivunia. Pembeni karani ameandika pesa zimetoka fungu gani: matumizi mengineyo. Nikauliza, ndiyo nini hayo? Mwalimu akasema ni mafuta ya taa, dawa ya viatu, mifagio, vitu kama hivyo. Basi huko ndiko walikokuandika, baba yangu, kati ya dawa ya viatu na mifagio.

Na mafungu mengine yamenona. Serikali imewaongezea polisi fedha mwaka huu, wanasema ni kwa sababu watu wameanza mikutano ya siasa. Wamepata virungu vipya, mikanda mipya, na gari. Gari jipya kabisa, Baba. Lilipopita sokoni mara ya kwanza watoto wakalikimbilia wakishangilia, nami nimesimama barazani na pasi ya mkaa mkononi. Nikawaza, hili lingekufikisha hospitali kabla ya chai kupoa. Nilitaka kulirushia ile pasi. Mzee Rajabali akaniwahi, akaichukua taratibu, akasema, "Kaki itaungua, binti."

Maana kaki nilikuwa nayo mezani. Makoti mapya ya gwaride yameletwa kwangu niyashone. Nilitaka kuyakataa, halafu nikakumbuka maneno yako ya bega la kushoto. Nikasema waje wapimwe. Wakaja kwa foleni, nikawapima mmoja mmoja. Wa tisa, futi ya kupimia ikateleza begani. Nikairudisha, ikateleza tena. Yeye anatazama ukuta. Kwa sauti ndogo akasema, "Marehemu alikuwa ananiwekea pamba hapo."

Bega likaanza kutetemeka chini ya kidole changu. Alijua mimi ni binti wa nani, nami nikajua nimegusa mkono gani. Nilikuwa na mkasi mfukoni. Sikuficha kitu mbele yako ulipokuwa hai, sitakuficha sasa: niliufikiria ule mkasi. Kisha nikaandika, "bega la kushoto, limeshuka kidole kimoja." Akavaa kofia akatoka bila kuuliza koti litakuwa tayari lini. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari lako, nikatafuta namba yake ya uaskari. Ipo. Chini yake umeandika kwa penseli: "Bega la kushoto limeshuka. Weka pamba, asione haya."

Ulimfikiria hata haya yake, Baba.

Sikuweza kumwambia mama akiwa ndani ya eda. Leo nimemwambia yote, na karatasi nimeiweka mapajani mwake. Nilingoja anilaani. Akaniambia nilete sanduku lake la bati. Bahasha niliyomkabidhi siku ile ilikuwa mle, haijafunguliwa. Nikapiga ukelele, "Mama! Miezi yote hii tunakula ugali kwa mboga za majani, na hii imelala humu?" Akasema, "Nilichungulia kwenye pazia. Mwenye rambirambi hukaa mkekani, hata kidogo tu. Yule hakukaa."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikapitwa na mama ambaye hajui hata herufi moja.

Jumatatu tunakwenda bomani kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Baba mdogo na yule kijana nilikwisha kupatana nao, na leo mama amesema naye atakwenda. Bahasha tunairudisha ilivyo. Mwalimu alinionya kwamba karatasi yenye sahihi ni ngumu kuivunja, na kwamba naweza kunyang'anywa kazi ya makoti, pengine hata baraza. Najua. Mzee Rajabali naye anajua, na bado leo ameninunulia uzi. Kama Bwana Shauri atatusikiliza, sijui. Naogopa, lakini nitakwenda hata kama itabidi mama anishike.

Kilichokuwa kimenikwamisha si hayo. Ni daftari. Wataniuliza nimejuaje, na itanibidi nilifungue mezani kwao, nitoe nje mwili wa mteja. Kofi lile bado lipo mkononi mwangu. Nimelichukua daftari na kulirudisha rafuni siku nne mfululizo. Leo mchana, mama amesinzia pale juani, nimeelewa. Wewe ambaye hukutaja bega la mtu maisha yako yote, neno lako la mwisho lilikuwa bega. Ulikwisha kulifungua mwenyewe.

Nitafungua ukurasa ule mmoja, nyingine nitazifunika kwa kiganja. Hilo nakuahidi. Na koti lake nimelimaliza. Pamba nimeweka kama ulivyoandika, nikaifinyanga vizuri, nikapiga pasi. Hakimu akimwita, asimame amenyooka, na asitokee mtu wa kusema binti wa fundi alimharibia nguo. Nililia nikiishona ile pamba kuliko nilivyolia kwa jambo lolote, ujue hivyo.

Mama ameamka, ananiita. Miwani yako kijana aliiokota, kioo kimoja kimepasuka. Nimeiweka juu ya cherehani, upande wako.

Pumzika, Baba. Safari hii nimekusikia.

Binti yako,
Mwanaidi